Dawa ya Parkinson ina saa yake, tusaidieni kuilinda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wauguzi, wauzaji wa maduka ya dawa, maimamu na wachungaji, wakuu wa afya wa kaunti yetu ya Mombasa, na kabla ya wote hao, niseme na nyumba zenye mzee anayetetemeka mkono wala hajajua ana maradhi gani. Mimi ni karani mstaafu wa bandari ya Kilindini, nakaa Likoni, na naishi na ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayotetemesha na kukakamaza mwili, tangu kabla ya korona. Maneno haya ni yangu. Anayeyaandika ni mjukuu wangu wa kike, kwa sababu mkono wangu wa kulia hauwezi tena kumaliza ukurasa.

Ninalotaka kusema ni kwamba dawa yetu ina saa yake. Haitoshi kusema asubuhi, mchana na jioni kama dawa nyingine. Ni saa yenyewe hasa, na ikichelewa hata nusu saa mwili unajua.

Miezi michache iliyopita nilishikwa na homa, nikawa natapika kila ninachoonja. Wanangu wakanipeleka hospitali moja ya hapa mjini, nikalazwa. Siitaji jina, maana nimezungumza na wagonjwa wenzangu waliolazwa kwengine na habari zao hazipishani sana na yangu. Mke wangu alikuwa amebeba vidonge vyangu ndani ya kijaluba pamoja na karatasi yenye saa zake: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Kwa utaratibu wa wadi, dawa alizokuja nazo mgonjwa zikachukuliwa na kufungiwa kabatini. Tukaambiwa nitapewa pamoja na wengine, kigari cha dawa kitakapopita. Saa nne ikapita. Saa nane ikapita. Kufikia adhana ya alasiri nilikuwa siwezi kujigeuza kitandani, mguu wa kulia umekakamaa, mate yananitoka na siwezi kuyameza. Muuguzi akaja akaniuliza jina langu. Jibu nilikuwa nalo, ila mdomo haukufunguka. Akamwambia mwenzake kwamba mzee huyu amechanganyikiwa. Mhariri, sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nasikia kila neno, nawatazama, na moyoni nalia.

Kisha, kwa nia njema kabisa, nikachomwa sindano ya kuzuia kutapika, ile ya metoklopramidi inayotumika karibu kila mahali. Dawa hiyo inawafaa wengi. Kwetu sisi ni hatari, kwa kuwa inazuia dopamini, kemikali inayoendesha mwendo wa mwili, isifanye kazi ubongoni, na dopamini ndiyo hasa tuliyopungukiwa. Haloperidoli, wanayopewa wagonjwa wanaoweweseka wapate kutulia, hufanya vivyo hivyo. Usiku ule sikuweza hata kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Binti yangu akampigia simu daktari anayenitibu, daktari akazungumza na mwenzake wa wadini, vidonge vikarudi kando ya kitanda changu na sindano ikabadilishwa kwa domperidoni, ambayo kwetu ina madhara machache zaidi. Siku ya pili yake jioni niliketi, nikanywa uji kwa mkono wangu mwenyewe.

Sina kinyongo na wauguzi wale. Walikuwa wachache kwa wadi iliyojaa, wakaniita baba, wakanifuta na kunibadilisha nguo kwa heshima. Hili la saa hawakufundishwa, na la sindano hawakufundishwa. Ndiyo maana nimeona niandike.

Niliyonayo juu ya ugonjwa huu nimeyapata kwa kuuliza na kuuliza tena. Aliyeueleza kwa maandishi alikuwa daktari wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Aliwaona watu wachache wanaotetemeka, wanaotembea wameinama na kuharakisha hatua kama wanaosukumwa, akaandika alichokiona. Chanzo hakukijua. Leo inajulikana kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na chembe za hapo ndizo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila taabu. Chembe hizo hufa polepole, na kufikia siku mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa imekwisha kufa. Kwa nini zinakufa, kwa wengi wetu hakuna anayeweza kutuambia. Hauambukizi. Wala sio kiharusi, ingawa majirani wengi husema nimepooza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao duniani, na kwamba idadi hiyo ilikuwa imeongezeka maradufu katika miaka 25. Wa rika langu, tuliozunguka redio mwaka 1974 Muhammad Ali alipompiga George Foreman kule Kinshasa, tulimwona bondia huyo huyo mwaka 1996 akiwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta huku mkono ukimtetemeka. Alikuwa na maradhi haya.

Kwangu hayakuanza na kutetemeka. Yalianza na pua. Mke wangu hufukiza udi kila Alhamisi jioni, nami nikawa namuuliza mbona siku hizi hafukizi, na chetezo kiko mbele yangu kinatoa moshi. Kisha usingizi: nikawa napiga mateke na kupiga ukelele ndotoni, hata mke wangu akahamia kitanda cha pili. Kisha choo kikawa kigumu. Yote hayo nani angeyaunganisha? Miaka yangu ya mwisho kazini ndipo mwandiko ulipoanza kubadilika. Naanza mstari kwa herufi za kawaida, nikifika katikati zimepungua, mwisho wa mstari hazisomeki, na nambari za makontena haziruhusu shaka. Bega la kulia likauma, nikachuliwa mara nyingi bila nafuu. Mkono huo ukaacha kuyumba ninapotembea. Kutetemeka kulikuja nyuma ya hayo, tena mkono ukiwa umetulia mapajani. Nikinyoosha kushika kikombe, unatulia. Naeleza kwa urefu kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa akimfikiria baba yake au mama yake.

Mtu huyo ajue pia kwamba hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachouonyesha ugonjwa huu, wala picha ya kawaida ya kichwa. Picha ina kazi yake, ya kuondoa shaka ya maradhi mengine. Lakini daktari anayeujua huutambua kwa kuuliza, kwa kutazama unavyotembea na kugeuka, unavyogonganisha kidole gumba na cha shahada, na jinsi mwili unavyoitikia dawa. Nimeona familia zikimaliza akiba kwa picha moja baada ya nyingine, ilhali kilichohitajika kwanza ni saa moja mbele ya daktari bingwa wa neva. Na hao ni wachache nchini, wengi wako Nairobi. Hapo ndipo sisi wa Pwani tunapopotelewa na miaka.

Sasa nirudi kwenye kidonge. Dopamini yenyewe ukiimeza haifiki ubongoni. Levodopa ndiyo inayofika, ikageuzwa dopamini huko huko. Kabidopa imechanganywa nayo katika kidonge kimoja ili isigeuzwe njiani kabla ya kufika, na kichefuchefu kipungue. Msweden Arvid Carlsson, ambaye utafiti wake juu ya dopamini ulifungua njia hii, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mimi namwombea kheri kila ninapofunga vifungo vya shati.

Ila dawa hii haikai mwilini muda mrefu, na kadiri miaka inavyopita ndivyo muda wa nafuu unavyozidi kuwa mfupi. Mwanzoni ningeweza kuchelewa nisihisi kitu. Sasa najua kidonge kinapokaribia kwisha: kidole gumba kinaanza, kisha mguu unakuwa mzito, kisha sauti inashuka mpaka mjukuu wangu anainamisha sikio. Nikimeza kwa wakati, baada ya nusu saa au zaidi kidogo mwili unafunguka na naweza kwenda msikitini. Kikizidi nacho kina taabu yake, mabega na kichwa vinajipinda vyenyewe, kwa hivyo hakuna kujiongezea. Na hakuna kuacha ghafla. Levodopa ikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa wote, homa ikapanda sana, na mtu akafa. Hili ningependa lisomwe kwa sauti katika kila nyumba.

Kuna jambo la chakula ambalo wengi hawaambiwi. Nikiwa Kilindini nilikuwa naona malori yanavyobanana kwenye geti moja, na lililo dogo ndilo linalosubiri. Levodopa na protini ya chakula hupita geti moja kutoka utumboni kuingia kwenye damu, kisha geti jingine kuingia ubongoni, na vikifika pamoja kidonge hubaki nje. Mimi ni mtu wa Pwani, asubuhi yangu ni mahamri na mbaazi za nazi, na mbaazi zimejaa protini. Siku nilizomeza kidonge pamoja na sahani ya mbaazi, saa tatu inafika bado nimeganda kitini. Daktari akanieleza nimeze saa kumi na mbili kwa maji matupu, ningoje mpaka saa moja, ndipo nile. Samaki, nyama na maharage nimevisogeza zaidi kwenye chakula cha usiku. Mchana nakula wali kwa mchicha au muhogo wa nazi. Protini haiachwi kabisa, mwili utadhoofika. Inapangwa tu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo vimezwe mbali na levodopa, kwa saa kadhaa, maana vinaishika isiingie.

Wako wanaotuuzia unga wa mbegu za upupu wakisema unatibu kutetemeka. Sitawaita waongo. Mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, na wanasayansi wamezichunguza. Lakini kijiko cha leo na kijiko cha kesho havina kipimo kimoja, wala hamna kabidopa, na anayeutumia juu ya vidonge vya hospitali anajizidishia asijue kwa kiasi gani. Anayeutumia amwambie daktari wake, asifiche.

Jambo jingine ni dawa iitwayo benzheksoli. Inapatikana kwa urahisi na inapunguza kutetemeka, hivyo wazee wengi hupewa. Kwa vijana huenda ikafaa. Kwa mzee inaweza kuharibu kumbukumbu, kukausha kinywa, kuzuia mkojo, na kumfanya aone watu wasiokuwepo. Mwenzangu mmoja alifika mahali akawa hajui njia ya kurudi kwake, na wanawe wakaamini ni uzee umemshukia. Daktari alipompunguzia kidogo kidogo hadi akaiacha, akili yake ilirudi. Nawaomba wauzaji wa maduka ya dawa, mzee akija na kikaratasi cha miaka mitano nyuma, msimpe tu. Mwulizeni.

Kuhusu majini na uchawi nitasema machache. Uso wangu umekakamaa, sitabasamu haraka, na barazani watu walidhani nimewanunia. Kutoka hapo haikuwa mbali kusemwa nimetupiwa kitu. Nimesomewa Qur'ani na imenituliza moyo, na ningali nasomewa. Kisomo hakigombani na kidonge. Ninachokikataa ni mganga, sheikh au mchungaji anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Nimekwisha kueleza dawa hii ikikatwa ghafla inakuwaje.

Ramadhani nayo inataka maneno ya wazi. Levodopa haiwezi kungoja kutoka daku hadi futari kwa mtu aliyefikia hali yangu. Mwenyezi Mungu amesema katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kwa sisi ambao maradhi yetu hayategemewi kwisha kuna fidya, kumlisha maskini kwa kila siku. Mimi sifungi, natoa fidya, na nasali nimekaa kitini. Lakini nawajua wazee wenye maradhi haya wanaofunga kwa kuogopa macho ya jirani, na mwezi wa Shawwal wanauingia kitandani. Maimamu wetu, lisemeni hili mimbarini kabla Shaaban haijaisha, na mliseme kwa jina la ugonjwa, ili mzee asione haya kunywa maji saa nne mbele ya wajukuu zake.

Kwa sisi wa Likoni kuna mtihani mwingine, nao ni feri. Ugonjwa huu una jambo la miguu kunata chini ghafla, hasa mahali sakafu inapobadilika, penye mlango mwembamba au penye watu wengi. Sasa fikirieni ile ngazi ya chuma ya feri, umati nyuma yako unakimbia, na miguu yako imekataa. Sio kwamba sitaki. Ubongo umetuma amri na amri haikufika. Watu wema hunivuta mkono, na kunivuta ndiko kunakoniangusha. Kinachosaidia ni kusimama kwanza, kupumua, kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu huu, kisha kuwa na kitu cha kuruka. Binti yangu huweka mguu wake kwa kukingama mbele ya wangu, nami nauvuka, na nikiuvuka huo hatua nyingine zinakuja. Nikiwa peke yangu huvuma kimoyomoyo mdundo wa matari ya maulidi na kutembea juu yake. Wataalamu wa viungo wanalijua hili vizuri, kwamba mdundo na mstari ulio sakafuni huamsha mwendo uliokwama. Walinzi wa kivukoni wengi ni waungwana. Naomba tu wazee wenye mikongojo waingizwe mapema pamoja na wenye viti vya magurudumu, kabla lango la watu wote halijafunguliwa. Dakika chache zinatosha.

Kutembea kwenyewe ni tiba. Mazoezi hayaondoi ugonjwa, ila yanauweka mwili ukiwa wako kwa muda mrefu zaidi. Mimi nikishavuka natembea Mama Ngina chini ya mibuyu, hatua ndefu, mikono naiyumbisha kwa makusudi, na nahesabu kwa sauti kubwa ili na koo lifanye kazi, kwa sababu sauti nayo hufifia usipoitumia. Miezi ya kaskazi jua linapokuwa kali nakwenda mapema zaidi, maana ugonjwa na dawa zake hushusha presha ukisimama ghafla, na nimeona kizunguzungu. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha simama. Maji mengi, mapapai na ukwaju husaidia choo. Kanzu ni rahisi kuliko shati lenye vifungo. Bilauri nzito isiyojazwa ni bora kuliko kile kikombe kidogo cha kahawa.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuna anayemuuliza hali yake. Mke wangu huamka kabla kengele ya simu haijalia, akaniletea kidonge na maji gizani. Usiku hunigeuza, kwa sababu shuka likinizonga siwezi kujitoa. Kuna wakati nilikaa wiki nzima sitaki kuzungumza na mtu, nikidhani ni moyo wangu umekata tamaa kwa haki, kumbe huzuni nzito nayo ni sehemu ya ugonjwa huu na ina dawa yake. Yeye ndiye aliyemwambia daktari, sio mimi. Tukienda kliniki maswali yote huelekezwa kwangu. Nawaomba madaktari, mkimaliza kunipima, mgeukieni na yeye. Mwulizeni analala saa ngapi na mgongo wake ukoje. Akianguka yeye, mimi sitadumu.

Sasa kwa wakuu wetu. Levodopa pamoja na kabidopa imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, zile ambazo zinatakiwa ziwepo wakati wote. Lakini zipo siku binti yangu amezunguka maduka ya dawa kutoka Likoni mpaka Digo Road akijibiwa imeisha, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo! Wagonjwa wanaanza kukata vidonge nusu ili vifike, na saa zote zinaharibika. Wasio na wana wa kuwatafutia wanakaa tu, wakamaliza dawa na kukaa ndani. Naiomba idara ya afya ya kaunti iiweke dawa hii katika bohari zake kwa idadi inayojulikana, na ipatikane Likoni na Kisauni pia, siyo lazima mzee anayeganda miguu avuke bahari kila mwezi kuifuata. Sheria ya mwaka 2023 ya bima ya afya ya jamii iliunda hazina ya dharura na magonjwa ya kudumu, na tangu Oktoba 2024 tunachangia chini ya SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo. Basi wawakilishi wetu waulize bungeni, waziwazi, mgonjwa wa Parkinson anapata nini kutoka hazina hiyo, na majibu yachapishwe gazetini humu tuyasome.

Na kwa hospitali zote, za serikali na za binafsi, ninayoomba hayagharimu fedha nyingi. Mgonjwa wa Parkinson akilazwa, aachiwe vidonge vyake kando ya kitanda, yeye au anayemuuguza, au saa zake ziandikwe kwa wino mwekundu juu ya faili na zifuatwe hata kigari hakijapita. Metoklopramidi na haloperidoli zikatazwe kwa maandishi kwenye faili hiyo hiyo. Akiwa anangojea upasuaji na ameambiwa asile, daktari aulizwe kuhusu kidonge, kisikatwe tu kwa kuwa chakula kimekatwa. Akiwa hawezi kumeza, itafutwe njia nyingine siku ile ile, kama vile mpira wa puani. Na akikaa kimya mkimuuliza jina, mngojeeni kidogo.

Tarehe 11 Aprili, aliyozaliwa James Parkinson, ndiyo siku ya ugonjwa huu duniani. Sisi hatujangojea Aprili. Mimi na mke wangu tuko Mama Ngina kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, upande wa karibu na feri, dawa ikiwa imekwisha kushika. Msomaji yeyote mwenye maradhi haya, wa Kisauni, Changamwe, Nyali au ng'ambo kwetu, karibu tutembee pamoja na tupeane habari za duka gani lina dawa wiki hiyo. Asiyeweza kufika aniandikie kupitia kwako, Mhariri. Anwani yangu unayo. Mke wangu anaongeza kwamba wanaouguza waje nao, wao hasa, na yeye atakuja na chupa ya chai.

Karani mstaafu,
Likoni, Mombasa.